Betri Uliyoianika Juu ya Bati

Mama, naenda Mbarara kutafuta betri ya kamera. Ile uliyoianika asubuhi juu ya bati, eti jua liiongezee nguvu kama mawe ya radio, imevimba kama andazi. Usicheke! Usiirudishe ndani pia. Georgette anaolewa kesho, na dada yangu huyo ameomba picha moja tu, ya familia nzima.

~~Mtu asiguse kamera.~~ Iguse tu, Mama, lakini lensi usiipanguze na kitenge chenye mawese.

Kuna kitufe chenye alama ya saa. Nikikibonyeza, kamera inangoja kidogo, halafu inapiga yenyewe. Nitaiweka juu ya jerikani, nikimbie kusimama kando yako. Unishikie nafasi.

Muniachie sombe nile nikirudi.

Kitinda mimba wako, asiyeonekana katika picha hata moja ya nyumba hii,
Junior