Baba Alizuia Oili Isibadilishwe, Dereva Kabebeshwa Lawama

Mama Odeta, shikamoo. Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujaniona mtoto asiye na adabu, maana jambo lenyewe linamhusu baba yangu mzazi, na mimi sijawahi kumsema baba yangu mbele ya mtu yeyote.

Mimi ni muuguzi katika zahanati ya kijiji kimoja kando ya ziwa, upande wa Sengerema. Mama yangu alifariki nikiwa bado shule ya msingi, alikuwa na uchungu wa kujifungua na usafiri ukakosekana, wakamfunga kwenye machela nyuma ya baiskeli na hawakufika naye hospitali, wala mtoto hakupona. Baba alikuja huku kutoka Bukoba kufundisha, akabaki, na hakuoa tena. Alipostaafu alizunguka kwa wavuvi, kwa wakulima wa pamba, kanisani na kwa wenye maduka, akiwaomba, akiwabembeleza, mpaka kikundi kikanunua gari aina ya Noah lililotumika, kazi yake ikiwa moja tu, kuwapeleka wajawazito hospitali ya wilaya, na ikibidi kuvuka kivuko cha Kamanga hadi Mwanza. Baba ndiye mwenyekiti na dereva ni Shimba, baba wa familia, mtu asiyependa maneno mengi.

Ugomvi ulianzia kwenye oili. Shimba alikuwa amezoea kuibadilisha kila kilomita elfu tatu, kama madereva wengi wa zamani, na baba akaona huo ni upotevu wa michango ya watu, basi akaenda mjini kuulizia na akarudi na oili ya sintetiki, dumu limeandikwa kwamba inafika kilomita elfu kumi na tano. Akamwambia Shimba mbele yangu, "Kuanzia leo oili haiguswi mpaka elfu kumi na tano zitimie."

Ikapita miezi mingi. Asubuhi moja nilikuwa nimesimama na baba mlangoni pa zahanati, Shimba akaja, kofia mkononi.

"Mwalimu, shikamoo. Oili imekuwa nyeusi sana, na injini inatoa mlio ambao siupendi. Naomba tuibadilishe."

"Marahaba. Zimetimia ngapi?"

"Elfu kumi na moja na kitu."

"Basi bado. Hiyo ni sintetiki, Shimba, siyo ile uliyoizoea. Walioitengeneza wanaijua kuliko mimi na wewe."

Shimba akanitazama mimi, kama anayengoja niongeze neno, na mimi nikaingia ndani kuwaona wagonjwa.

Haukupita muda mrefu akaletwa Ng'washi, mimba ya kwanza, uchungu ulikuwa umeanza tangu jana yake na mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa yanapungua, nikasema twende hospitali sasa hivi. Ilikuwa mchana, jua kali. Tukiwa katikati ya njia, kwenye mlima, injini ikaanza kugonga kama mtu anapiga nyundo ndani yake, taa nyekundu ya oili ikawaka, na kabla Shimba hajalitoa gari barabarani likazima. Akajaribu kuliwasha, injini ikakataa kuzunguka kabisa. Akakimbia mbele, akakimbia nyuma, akipunga mikono kila lilipopita gari, mpaka tukapata kirikuu, pikapu ndogo ya mizigo iliyobeba dagaa, tukamlaza Ng'washi juu ya magunia na mimi nikamshika kichwa njia nzima.

Ng'washi alifanyiwa upasuaji akapona. Mtoto, wa kiume, alitolewa akiwa ameshafariki. Nilimuuliza daktari kama tungewahi ingekuwaje, akasema, "Sista, hilo siwezi kukuambia, kwa sababu silijui."

Fundi aliyeifungua injini alikuta oili imebaki kidogo tu chini, nzito kama uji wa ulezi. Kamati ikakaa, wakamuuliza baba, naye akasema, "Dereva hakuwahi kuniambia lolote kuhusu injini." Shimba hakubisha. Alinitazama tena, na mimi tena nikainamisha kichwa. Sasa mkutano wa wanachama wote umeitishwa kumfukuza Shimba kwa uzembe, na akitangazwa hivyo mbele ya kijiji kizima hakuna atakayempa gari tena.

Nyumbani baba hali chakula. Kila asubuhi anakwenda kulifuta vumbi lile gari lisilowaka. Nilijikaza nikamwambia, "Baba, Shimba alikuambia. Nilikuwepo." Akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia, "Kwa hiyo unataka waseme ni mimi niliyeua?"

Mama Odeta, niambie mambo mawili. Oili ya sintetiki inakaa muda gani kwa kweli, baba alikosea au hakukosea? Na je, nisimame mbele ya watu nimkane mzazi wangu, au ninyamaze na huyu mtu wa watu afukuzwe?

Leonsia, Sengerema

*

MAMA ODETA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Majina nimeyabadilisha, na jibu hili nimekutumia kwanza wewe kabla ya kulichapa, maana mkutano hausubiri gazeti.

Nianze na oili, kwa sababu nyote mmejificha nyuma yake. Nilikwenda kumuuliza fundi Alexander pale Mkuyuni, nikamsomea barua yako bila kumtajia kijiji. Baba yako alikuwa na hoja. Oili ya sintetiki inastahimili joto na inakaa muda mrefu kuliko ile ya kawaida, na kuimwaga kila kilomita elfu tatu ni kutupa mali. Lakini ile namba kwenye dumu ni kikomo cha juu kabisa, kwa injini nzima, safari ndefu za lami na hewa safi. Gari lenu ni kuukuu. Linakula vumbi kila siku, linakwenda safari fupi ambazo injini haijapata hata moto vizuri, na kwenye foleni ya kivuko linanguruma muda mrefu huku kilomita hazisogei. Kwa gari la namna hiyo, hata kwa sintetiki, badilisheni kila kilomita elfu tano au kila miezi sita, kinachotangulia, na chujio lake libadilishwe pamoja nayo. Mwenye gari zima linalokimbia kwenye lami anaweza kufika elfu kumi au mwaka mmoja, ila afuate kitabu cha gari lake, asifuate dumu.

Na kuna jambo ambalo hakuna kati yenu aliyelifanya. Injini kuukuu inaichoma oili kidogo kidogo, hata ile ya bei mbaya. Injini yenu iliuawa na uchafu, ila zaidi iliuawa na ukavu. Kile kijiti cha kupimia kingechomolewa kila wiki, gari likiwa mahali tambarare na injini imepumzika, kingewaonyesha kwamba oili inaisha, mkaongeza. Mwenyekiti alisema oili isibadilishwe. Hakusema isipimwe. Shimba naye ana sehemu yake hapo, na usimfanye malaika kwa sababu anaonewa.

Sasa wewe. Ulinyamaza mlangoni pa zahanati, ukanyamaza kwenye kamati, na kunyamaza kote huko ukakuita heshima. Wewe ndiye unayekaa nyuma ya gari lile na mama mwenye uchungu mapajani, hukuwa na haki ya kuuliza injini inalia nini? Na ukiwa muuguzi, unayajua vizuri maneno ya daktari: hajui. Kama yeye hajui, baba yako hajui, wewe hujui. Kosa la oili lipo na lina wenyewe. Kifo cha mtoto yule hakuna anayeweza kumbandika mtu. Mambo haya mawili baba yako ameyafanya moja, ndiyo maana ukimwambia "Shimba alikuambia," yeye anasikia "umeua." Mtu aliyempoteza mke njiani hawezi kulisikia neno hilo akabaki mzima. Mtenganishie, kwa mdomo wako, ukiwa umekaa karibu naye.

Kisha mwambie bila kuzunguka: "Baba, kwenye mkutano nitasema nilichosikia. Naomba ukiseme wewe kwanza." Usimvizie mbele ya watu, na usimpe nafasi ya kukugeuza. Akisema mwenyewe, kaa kimya. Asiposema, simama. Hakuna mahali ulipoambiwa kwamba kumheshimu mzazi ni kumsaidia kumsingizia mtu.

La mwisho ndilo lililoniuma. Barua yako ni ndefu, umeniambia habari za gari, kamati na fundi, na hakuna mstari hata mmoja unaosema kama kuna mtu amekwenda kumpa pole Ng'washi nyumbani kwake. Nendeni, wewe na baba yako, kabla ya mkutano. Msiende kujitetea.

*

Haya ndiyo aliyoniandikia Leonsia baadaye. Nayachapa kwa ruhusa yake.

Mama Odeta, tulikwenda. Baba alikataa mara ya kwanza, kesho yake nikamkuta ameshavaa koti ananisubiri uani. Mume wa Ng'washi alituona tukija, akaingia ndani na hakutoka. Ng'washi alitukaribisha kwenye mkeka, bado anatembea ameinama kwa sababu ya kidonda. Baba alimwambia, "Mwanangu, dereva aliomba oili ibadilishwe, mimi nikakataa. Nimekuja ulisikie kutoka kwangu." Hakusema zaidi. Ng'washi hakusema amesamehe, na sisi hatukumwomba aseme. Alikaa akikunja ncha ya kitenge chake kwa muda, halafu akauliza, "Mwalimu, gari litatengenezwa lini? Dada yangu naye yuko karibu kujifungua."

Nilimshika baba mkono tukaondoka.

Kwenye mkutano alisimama kabla ajenda haijasomwa. Alisema, "Shimba aliniambia. Mbele ya kamati nilisema uongo." Kisha Shimba akasimama na yeye, akasema, "Ni kweli alinikataza kubadilisha. Lakini kupima hakunikataza, na sikupima." Shimba amebaki na kazi yake. Baba alijiuzulu uenyekiti, nilitegemea watamwomba abaki, hawakumwomba. Hilo liliniuma na bado linaniuma, ingawa sioni walipokosea.

Gari limepata injini nyingine. Shimba anapima oili kila Jumatatu na kunionyesha kijiti mimi mwenyewe, nami naangalia kabla hakijafutwa.

Jana alimpeleka dada yake Ng'washi hospitali, mimi nikiwa zamu zahanati. Baba alinipigia simu, hakunisalimia, aliuliza tu, "Wamefika?" Nikasema bado. Akapiga tena, na tena, swali lilelile. Shimba aliponijulisha kwamba mama ameshapokelewa wodini, nilimpigia baba mimi.

"Wamefika, baba."

Nilimsikia anapumua. Halafu akakata simu.