Bonde la Novemba

Jumatatu, 8 Septemba
Baridi. Chai imepoa kabla sijaimaliza. Bado nahangaika na shiti ya kompyuta ya idadi ya wauguzi wa wodi ya wazazi. Kila mwaka una ukurasa wake, miezi imepangwa kwa upande, Januari hadi Desemba, na mwisho kolamu ya wastani. Katibu wa hospitali anasoma hiyo ya mwisho tu. Wastani unasema wauguzi wanatosha na kuzidi. Kwa hiyo mkataba wa muuguzi Anjela ukiisha Oktoba, basi. Nimeagizwa makadirio ya mwaka ujao yaseme hivyo, na grafu juu yake.

Anjela ndiye aliyemzalisha mke wangu. Nina hasira.

Jumatano, 10 Septemba
Grafu imegoma. Miezi ikilala hivi, kompyuta inaupa kila mwezi rangi yake, kama vitenge mnadani. Upuuzi. Dawa ni kuigeuza: miezi yote ishuke chini ya kolamu moja, miaka ifuatane, kila mstari uwe na mwezi mmoja na idadi ya waliokuwa kazini. Kazi ya kuchosha. Naanza kesho.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimeiona. Sijui niandikeje.

Data ilipomaliza kushuka nikabonyeza, ukajichora mstari mmoja toka mwaka wa kwanza hadi leo. Unakwenda sawa, sawa, halafu unazama. Unapanda. Mwaka unaofuata unazama palepale. Kila Novemba. Nikasogeza makadirio mbele, nayo yakazama. Swala ya Ijumaa nusura inipite. Namba hizi nilikuwa nazo siku zote. Subhanallah.

Jumatatu, 15 Septemba
Nimemwonyesha Matroni Winfrida, mkuu wa wauguzi. Alicheka hadi akavua miwani.

"Mwanangu, hiyo ni mvua," akasema. "Wewe mtu wa Soweto, mahindi unayaona sokoni. Sisi huku mvua ikianguka tunaomba likizo tukapande, wote."

Mvua. Kwenye kompyuta yangu. Nimekulia Soweto ya Mbeya mjini, dukani kwa baba, sikujua mvua inaweza kusomeka hivi.

Kisha Matroni akaacha kucheka. Akanikumbusha Novemba iliyopita: akina mama wawili wanajifungua kwa wakati mmoja, muuguzi yuko mmoja. Anjela. Alikuwa mgeni, haki ya likizo hajaipata, ndiyo maana alikuwepo. Akina mama walipona. Shamba lake lilichelewa, akavuna mabua.

Alhamisi, 25 Septemba
Kikao. Niliogopa. Niliuweka wastani wa Katibu juu ya grafu yangu: mstari mnyoofu, unapita juu ya bonde kana kwamba halipo. Akaweka kidole pale kwenye bonde. Naye ana shamba Igowole, na kila Novemba haonekani ofisini.

Amekubali Anjela abaki. Ila likizo za Novemba zitolewe kwa zamu. Wauguzi wakanuna, maana mvua haisubiri zamu ya mtu. Matroni ndiye aliyemaliza: watakaobaki wodini watapandiwa mashamba yao na walio likizo.

Akanigeukia. "Na wewe umo."

Jumapili, 23 Novemba
Mawingu yamejaa toka asubuhi. Nayatazama kama mwenye deni. Zamani ningesema tu mvua inakuja. Sasa naona mstari unataka kushuka.

Jumamosi, 29 Novemba
Imenyesha juzi na jana. Leo tumepanda shamba la Anjela. Matroni na wauguzi wa likizo mbele na majembe, mimi nyuma na mbegu. Wamenicheka sana, eti natembea kama nakanyaga mayai. Mgongo unauma. Udongo mweusi, na harufu yake sijawahi kuisikia karibu hivi.

Jioni nimepita wodini. Wamenizuia mlangoni kwa sababu ya matope. Anjela akatoka na aproni yake, akauliza kama nilifukia vizuri.

"Nimefukia," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Ndani mtoto akaanza kulia, akarudi haraka.

Nimevua viatu, nimeingia ofisini, nimejaza idadi ya Novemba. Mstari umepita bila kuzama. Nje imeanza kunyesha tena, polepole.