Umesahau Tu, Mama

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa. Nina miaka ishirini na minne, nafanya kazi kwenye ghala la dawa, na mwezi uliopita zilipoletwa tableti za kuandikia mizigo badala ya daftari, meneja alinitazama mimi akasema, "Wewe kijana, haya ndiyo mambo yenu, wafundishe hawa wazee," nami nikaitikia, kwa sababu niliona aibu kijana mzima kutojua, na ukweli simu mimi najua kuitumia kutazama video tu. Basi nikawafundisha watu sita, wote wamenizidi umri kwa mbali, nikawaambia ukishaingiza mzigo bonyeza "Funga". Kesho yake mtunza ghala, tunamwita Mama Funguo kwa kile kishada cha funguo kinacholia kiunoni mwake, akaniuliza, "Mwanangu, mbona maboksi niliyoyaingiza jana siyaoni?" Nikamjibu, "Umesahau tu, mama." Akacheka, akasema labda ni uzee. Juzi nimejaribu mwenyewe nikagundua lazima ubonyeze "Hifadhi" kwanza, la sivyo kila kitu kinafutika, na meneja ameshaandika ripoti kwamba wazee hawaiwezi teknolojia, Ijumaa wanapewa barua za kuachishwa kazi, Mama Funguo wa kwanza, na hakuna hata mmoja anayenishuku, na yeye kila asubuhi bado ananiwekea kiti karibu yake. Nikisema, kazi sina, na nyumbani wananitegemea mimi. Nifanyeje?

Mwalimu asiyejua

Mwanangu, pole. Nilikuwa nakuonea huruma mpaka nilipofika kwenye "umesahau tu, mama". Hapo umenikata maini. Kutojua si kosa, na huyo meneja anayechagua mwalimu kwa kuangalia mwaka wa kuzaliwa naye ana lake la kujibu. Lakini mama wa watu alikuletea swali la maana, ambalo lingekuonyesha kosa siku ileile, wewe ukamsingizia umri wake. Sasa anaishuku akili yake mwenyewe. Unajua jambo hilo linavyotisha? Mimi najua, nina sitini na moja.

Usingoje Ijumaa. Kesho asubuhi kaa kwenye hicho kiti anachokuwekea, umwambie kwa mdomo wako, si kwa ujumbe wa simu. Kisha ingieni kwa meneja pamoja. Ingiza boksi moja mbele yake, bonyeza "Funga", mwache aone linavyopotea. Rudia, sasa bonyeza "Hifadhi" kwanza. Halafu omba walioleta hiyo programu waje wafundishe, na wewe ukae darasani na wenzako, daftari mkononi.

Huenda ukapewa onyo, huenda ukafukuzwa, sikudanganyi. Utalia, utatafuta kazi nyingine, umri unao. Mama Funguo ataipata wapi?

Na ukikaa kwenye kiti kile usianze kuzunguka mbuyu. Mwambie, "Mama, hukusahau."