Karatasi ya Baudouin Ukutani

Ghorofa ya nne, mlango 12
South Beach, Durban
19 Juni 2011

Mpendwa Shangazi,

Pokea salamu zetu sote. Goti lako linaendeleaje? Dawa alizokuletea Honoré unazimeza, au bado unazificha chini ya mto ukisema zinakulegeza? Sisi huku miili haijambo. Baridi imeingia na upepo wa baharini unapenya hata dirisha likifungwa. Peguy wangu sasa anasoma mwenyewe, anasoma mpaka maandishi ya kwenye boksi za sabuni.

Shangazi, nisikuzungushe. Mwanao Baudouin ananitia kinyaa. Sisemi nimemkasirikia, maana hasira hupoa. Nimeona ulisikie kwangu kwanza, kwa sababu kwake litakufikia likiwa limeshapakwa mafuta.

Unajua yeye ndiye msimamizi wetu kwenye kazi ya kufua shuka za meli. Magunia yanatoka bandarini yamelowa, yananuka jasho na dizeli, na sisi wanawake ndio tunaoyapandisha ngazi kwa bega. Mwenzangu ni Ninahazwe, dada mmoja Mrundi, mpole, mume wake yuko mbali anaendesha malori. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Hakuitangaza, kama vile kwetu mtu hatangazi mpaka tumbo lijitangaze lenyewe, na sisi kwa heshima tukanyamaza. Lakini mwenye macho aliona.

Mwezi uliopita baharia mmoja wa Latvia, anaitwa Andris, alileta shuka za meli yao. Alipomwona Ninahazwe akipanda na gunia alitikisa kichwa akasema neno la kwao, grūts. Unamjua Baudouin, neno geni halimpiti. Akauliza maana. Andris akaeleza kwamba siku hizi maana yake ni jambo gumu, kama mtihani au maisha, lakini zamani lilikuwa kitu kizito cha kubeba, na bibi yake alikuwa akimwita mwanamke mwenye mimba grūta. Akamwonyesha Ninahazwe kwa kidevu.

Mimi nililipenda neno lile. Nikawaza, na sisi si tunasema mja mzito? Kumbe na huko kwenye theluji waliona vilevile.

Basi Baudouin akaamka na Kilatini chake cha shule ya mapadri. "Mais hii ni gravis! Na brutus pia. Grave, brute, zote iko famille moja, zinatoka ku uzito." Akachukua orodha ya mzigo wa siku ile, akaigeuza nyuma, akaanza kuandika maana moja moja kwa namba. Ninahazwe alikuwa bado amesimama kwenye ngazi, gunia begani, anangoja saini ili apite. Mwishowe akasema, "Chef, iko nzito." Mwanao hakuinua hata macho. "Ngoja kidogo, tunasoma."

Tunasoma, Shangazi. Na mimi nilisimama pale nikifurahia somo. Najichukia kwa hilo.

Karatasi ile aliibandika ukutani karibu na mizani, kila dereva aione. Siku kumi baadaye Ninahazwe alianguka na gunia kwenye ngazi zile zile, damu ikatoka. Nilimpeleka hospitali mimi mwenyewe. Mtoto yu hai, lakini daktari amesema mama alale kitandani mpaka ajifungue, la sivyo watampoteza. Baudouin akamfukuza kazi akiwa amelala hapo. Mwenye kiwanda anasema kama msimamizi alijua ana mimba, ilikuwa lazima apewe kazi nyepesi, na nafasi yake ingemngoja. Baudouin anaapa hakuna aliyemwambia. Ijumaa aliniletea maneno yaliyokwisha andikwa, kwamba pale kazini hakuna aliyejua. "Sign tu, Huguette, si sisi ni famille?" Alikuwa anakula ndizi akinisemesha. Nilitaka kumtapikia viatu.

Sikutia saini. Nilingoja atoke, nikaibandua karatasi ya ukutani, na sasa iko ndani ya Biblia yangu.

Msalimie Honoré, na Mama Marie-Jeanne wa jirani, mwambie kitambaa chake nimekiona na kitafika. Usinipigie simu kunisihi. Kesho asubuhi naipeleka karatasi ile kwa mwenye kiwanda. Ina tarehe ya mzigo upande mmoja na mwandiko wa mwanao upande wa pili, ule ule mzuri uliokuwa ukiwaonyesha wageni. Unakumbuka mapadri walivyomfundisha asitoe maana bila mfano, mpaka akakujazia chaki mlango wa jikoni? Hajaacha. Kwenye namba tatu ameandika: "Grūta, mwanamke mwenye mimba. Mfano: Ninahazwe."

Mungu amlinde yule mtoto, na wewe akupe moyo wa kuisoma barua hii mpaka mwisho.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda hata leo,
Huguette