Stika ya Nuhu

Jumamosi, 3 Mei 1997

Tumeosha gari tena. Theluji iliyeyuka zamani lakini chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu haitaki kutoka. Rehema juu, mimi chini, kama kawaida. Huyu mtu wa Tanga hapendi kuinama. Stika ya upinde wa mvua bado iko kwenye bampa. Aliiacha mzee aliyeniuzia gari. Rehema anasema ikae: wanaojua maana yake watatujua, wasiojua wataona rangi tu. Tulipoenda Frogtown kununua mchele, mwanamke mwenye stika kama yetu alitupigia honi na kutupungia. Nimefurahi mchana kutwa. Hakuna aliyewahi kutupungia sisi wanawake wawili kama wapenzi.

Jumapili, 11 Mei

Balaa. Baada ya ibada Mama Njeri, mwenyekiti wa akina mama, ameiona stika. "Upinde wa agano la Mungu na Nuhu! Wambui, umehubiri bila kufungua mdomo!" Akaita watu waje waone. Kanisa letu la Wakenya pale Richfield ni dogo, kwa hiyo walikuja wote. Nilisimama na sufuria yangu ya pilau, nikasema amina. Ningesema nini? Rehema alijifanya anatafuta kitu kwenye buti la gari. Mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko.

Jumatano, 14 Mei

Mama Njeri amepiga simu. "Hiyo stika ulibuy wapi? Nataka kila gari ya church ikuwe nayo kabla ya pikiniki." Nikamwambia ilikuja na gari. "Basi nitauliza watu wa job."

Hapo kicheko kiliniisha. Anafanya kazi hospitali, watamwambia. Akishaambiwa ataanza kuunganisha mambo: wanawake wawili, nyumba ya chumba kimoja, wachumba hawaonekani. Hawa watu ndio ndugu zangu huku. Nilipofanyiwa upasuaji walipokezana kuniletea uji. Naogopa kuwapoteza. Haya, nimeandika.

Alhamisi, 15 Mei

Rehema amesema tuibandue. Amesema kwa upole, na hilo ndilo lililoniudhi. Nilichukua maji moto na kisu. Nimekwangua kona moja nikashindwa. Nina hasira naye, nina hasira na Mama Njeri, nina hasira na Nuhu.

Jumapili, 18 Mei

Nimeenda kanisani peke yangu. Rehema ameogopa. Mama Njeri hakunisalimia. Mahubiri yote yamenipita. Watu walipotoka akanishika mkono, akanipeleka hadi kwenye gari lake. Kwenye bampa, stika mpya! Aliipata dukani mara tu tulipomaliza kuongea kwa simu, akaibandika, akaenda nayo kazini bila kumuuliza mtu. Nesi mmoja kijana akamfuata pale maegesho, akamkumbatia, akalia. Akamwambia alikuwa akidhani yuko peke yake pale kazini. Ndipo Mama akauliza maana ya stika, akaambiwa.

Akanitazama usoni. Nikajua anajua.

"Sasa nitairemove aje?" akasema. "Nimwambie huyo mtoto nilikosea?"

Nikagusa kona ya stika yake kwa kidole.

"Wengine hapa wakiuliza, ni Nuhu. Mimi na wewe tunajua." Halafu akanigombeza kwamba pilau yangu ya juzi ilikuwa na mafuta mengi. Nikaomba msamaha kwa ajili ya pilau. Nimelia njia nzima hadi nyumbani Apple Valley. Rehema aliponiona mlangoni alidhani nimefukuzwa, na nilishindwa kumweleza upesi kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kucheka.

Jumanne, 20 Mei

Mvua tangu asubuhi. Zamu ndefu, miguu inauma. Rehema anasoma sebuleni, mtihani wake ni kesho. Mama Njeri alipiga simu kutualika chakula Jumapili. Akauliza Rehema anapenda samaki au nyama. Muda wote huu hajawahi kuniuliza anachopenda Rehema. Nikamwambia samaki.