Ndege ya Odette na matanga yako

Baba Odette wangu,

Weye uko unapumzika, sisi hapa Dilala, mu Kolwezi, roho iko juu. Leo njo tulipashwa kutosha matanga yako, kumaliza kilio. Masufuria iko ku moto, bamama ya chorale beko banaimba, na Odette, mutoto wetu wa kwanza, hayafika. Eko Kalemie, anangoja kandege. Na unajua kwetu: mutoto wa kwanza asipokuwa, hakuna mutu wa kunivula hii nguo nyeusi.

Niko naangaria mawingu. Unakumbuka masini yako ya météo, ya kupima hali ya hewa, kule ku aéroport, ile ya jicho ya kioo yenye kuangaria juu? Kila asubui ulikuwa unaipanguza vumbi ya makamyo ya mines ya shaba. Siku moja jirani yetu Mama Shimba akakuletea kuku: "Tata, ambia masini yako ipeleke mvua mbali kule Mutoshi, binti yangu anaolewa!" Ulicheka mpaka ukaikala chini. "Mama, hii haitumake mvua. Inapimaka tu maji na baridi ya juu." Kuku tukakula. Mvua ikanyesha ku mariage, na ule mama mpaka leo anasema tulimwibia kuku!

Mi ulinielezea mu pole, tukichoma mihindi: kule mu mawingu maji inaweza kupita galase, ile barafu, kwa baridi na bado ni maji. Inangoja tu ndege iiguse, njo inageuka galase ku mabawa, ndege inakuwa nzito. Bengine banaogopa radi. Mi naogopa wingu yenye kunyamaza.

Sasa mama mwenye alibakia mu kazi yako amenipigia: "Mama Odette, masini inaona ile maji mubaya juu ya Kolwezi. Tumeambia bapilote bangoje."

Kiisha Odette naye akapiga: "Mama, kuko pilote moja anasema atapita tu. Niko napanda."

Nilipiga kelele mu téléphone mpaka chorale ikakata wimbo. "Odette, shuka! Baba yako anaweza kungoja, eko na haraka ya kwenda wapi?"

Nikasikia motere ya ndege.

"Sawa, mama. Nashuka."

Mudogo yako amekasirika: "Shemeki, tumalize bila Odette, chakula itaharibika." Nimemuambia bantu bakule, bakunywe, bacheze. Lakini nguo sivuli. Odette atafika siku mawingu itafunguka, njo atanivula. Leo nguo ingali, na weye ungali na bibi.

Mi wako, mu nguo nyeusi bado,
Mama Odette