Mama Mkwe Ameolewa na Mji Mzima, Nami Nimo

Mpendwa Mama Mshauri,

Naomba unisaidie kabla ya Jumatatu, na tafadhali nisome hadi mwisho ndipo ucheke, maana mke wangu alicheka katikati, na alipofika mwisho akafunga mizigo akahamia kwa mama yake.

Mimi ni mtu mzima, mvi zimeshafika na tumbo siku hizi hunitangulia mlangoni, na kazi yangu ni kutunza kompyuta za ofisi ya kusajili wakazi, yaani kila mtu wa mji huu ana mstari wake kwenye jedwali letu, jina, namba, mtaa, na mwenzi wake kama anaye, nami ndiye ninayehakikisha mistari hiyo haichezewi. Mwezi uliopita mkuu wangu akaniagiza niweke ulinzi mpya, kwa sababu ukiiambia kompyuta ibadilishe kitu bila kuipa sharti la nani abadilishwe, haikuulizi, inabadilisha wote, na ulinzi huo kazi yake ni kukataa amri za namna hiyo, na pia ukiuliza swali pana mno unakuonyesha mistari elfu moja tu, ili mashine isielemewe.

Nikauweka. Lakini ulinzi usiojaribiwa ni mbwa wa kuchorwa ukutani, kwa hiyo nikaona niujaribu, na mwenzangu wa meza ya jirani, tunayemwita Profesa kwa ajili ya miwani tu, akanishauri nitumie kitu ambacho kikipenya kitaniuma, ndipo nitakuwa makini, nami nikawaza ni kitu gani kingeniuma kuliko vyote duniani, na kabla sijamaliza kuwaza vidole vilikuwa vimeshaandika namba ya mama mkwe wangu, ambayo naijua kwa moyo kwa sababu fomu zake zote huzijaza mimi, nikaamuru kila mkazi mwenzi wake awe yeye, bila sharti lolote, nikabonyeza, nikakunja mikono nikisubiri kukataliwa.

Sikukataliwa. Kumbe ulinzi ule huwashwa kwa kila dirisha la kazi peke yake, nami niliuwasha katika dirisha la kushoto nikajaribu katika dirisha la kulia. Nikarudi dirisha la kushoto, nikauliza mbio mbio nione walioguswa, skrini ikanionyesha watu elfu moja, nikamshukuru Mungu, nikaenda kwa mkuu kumpoza kwamba ni elfu moja tu. Mkuu akanigeuzia simu yake nisome ujumbe wa hongera, maana mfumo wetu humwarifu mkazi kila ndoa yake ikibadilika, na humpa jina na namba ya simu ya mwenzi mpya. Ile elfu moja haikuwa hesabu ya walioguswa, ulikuwa ule ulinzi wa pili, wa kukomea mistari elfu moja, na huo ulikuwa unafanya kazi vizuri sana.

Basi ndiyo hivyo, wanaume, wanawake, watoto wachanga, padri, wote wenzi wa mama mkwe. Mke wangu ameoana na mama yake mzazi. Mama mkwe ameoana na nafsi yake. Na mimi, Mama Mshauri, mimi ambaye mbele ya mama huyo sijawahi hata kunyoosha miguu, naonekana kwenye jedwali la serikali kuwa mumewe. Nakala ya akiba ipo, ila wakaguzi wamekataza mtu kugusa chochote hadi Jumatatu, wanataka kuutazama uharibifu ukiwa mzima.

Mama mkwe ni mjane, nesi mstaafu, mdomo wake unajulikana. Siku ya kwanza alilia, ya pili akatukana, na ya tatu akawapangia waume saa za kupiga simu. Kuna mmoja alimuuliza soksi zake ziko wapi akaambiwa azitafute chini ya kitanda, na zikapatikana. Wawili wameshamfyekea majani uani. Halafu akapiga simu fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, mjane naye, akitaka jina la mama liondoke kwenye karatasi zake za kiinua mgongo, wakagombana, kesho yake akapiga tena wakagombana vizuri zaidi, na siku iliyofuata alikuja na mashine yake kutengeneza geti lililokuwa limelala tangu baba mkwe afariki. Sasa anakuja kila jioni, na geti halina tena pa kuchomelea.

Juzi mama akaniita, akanikalisha mbali kama inavyopasa, akasema, "Mkwe, nakuita mkwe maana hilo nalo lirudi mahali pake. Hao wote warudishe kwao. Huyu fundi mwache."

Shemeji yangu mkubwa ameapa kwamba mtu aliyeletwa na kompyuta ataondoka na kompyuta. Mke wangu anasema mama yake hakuwahi kucheka hivi tangu awe mjane, na nikimfuta fundi nisahau kwamba nina mke. Nami najua ni sharti moja tu dogo, rudisha wote isipokuwa huyu, hakuna atakayegundua, lakini akigundua mmoja, kazi sina. Nifanyeje?

Ni mimi,
Mume wa Mkwe (kwa muda)

*

Mume wa Mkwe,

Nilijitahidi nisicheke mapema, nikashindwa kwenye soksi. Sasa nimemaliza, tuongee.

Nianze na kukugombeza. Ulinzi wa mji haujaribiwi juu ya mji. Unatoa nakala ya jedwali, unaiweka pembeni, na huko mwozeshe umtakaye, hata mbuzi. Kabla ya kubonyeza unaliuliza dirisha lilelile ulilokaa mbele yake kama ulinzi umewaka, huendi kwa kumbukumbu, na kwa umri wetu huu kumbukumbu ndiyo ya mwisho kuaminiwa. Ukiharibu, iambie mashine ihesabu. Skrini iliyoamriwa kuonyesha elfu moja itakuonyesha elfu moja hata ukiwa umeiozesha dunia nzima. Na Profesa avue hiyo miwani.

Hapo basi. Pole, baba. Pole kweli, maana umekalishwa mahali ambapo mkwe hakai.

Lakini huyo mama hujamsikia vizuri. Haombi mstari kwenye jedwali lako. Anaogopa kwamba mstari ukifutika, fundi hatakuwa na sababu ya kuja, na yeye hatakuwa na sababu ya kumfungulia. Watu wazima wawili wamepata kisingizio, na kisingizio chenyewe ni wewe. Usikidharau, ila usikigeuze kuwa uongo wa serikali.

Jumatatu rudisha wote, fundi akiwemo, bila sharti la pembeni. Ukimbakiza utakuwa umemwozesha mama mkwe wako mara ya pili, na safari hii hutakuwa na dirisha la kusingizia. Ila asiyajue hayo kwa ujumbe wa simu. Jumapili nenda kwake, mkeo akiwepo, kaa hapo mbali unapokaa, umwambie: "Mama, nitamtoa, kwa sababu niliyemwingiza ni mimi. Ukimtaka, mwingize wewe." Kisha nyamaza. Usianze habari za kushoto na kulia. Mkeo akisikia hayo kwa masikio yake atarudi kwako afungue mizigo, na asiporudi siku hiyo, mpe wiki. Shemeji yako mwache aape, mama yake amelea watu, anajua kuchagua nani aingie kwake.

Na fundi mwarifu tu kwamba karatasi zake zimesafishwa. Usimpeleke, usimsukume, usimdokeze. Akitaka kubaki, avae shati safi, aende akaombe kwa mdomo wake. Amepewa mke bila kuomba. Ni haki yake naye, angalau mara moja, atetemeke.